Picha za AVIF kwenye grupu la kijiji zilivyokaribia kumpokonya shangazi yangu minazi yake

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa dukani Kibiti, wateja hakuna, na nina hasira ya wiki tatu. Nitakachosimulia kimenitokea mwenyewe, sijahadithiwa. Na pale nilipokosea nitasema nilikosea, kwa hiyo msijichoshe kunitafutia makosa.

Kabla hamjaniita bro, mimi ni mwanamke. Nina steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti, napiga picha za pasipoti. Kompyuta nimeijulia kazini, sijaisomea chuo chochote.

Kilichonitoa mafichoni ni ule uzi wa juzi humu, watu wanabishana kuhusu format mpya za picha, AVIF, WebP, HEIC na wenzake. Jamaa mmoja akaandika kwamba anayetuma JPG mpaka leo ni mshamba.

Sawa. Mshamba kaja, mpisheni apite.

Nianze na grupu lenyewe.

Asili yetu ni delta, kitongoji kimoja upande wa Kiongoroni. Baba alihamia Kibiti nikiwa mdogo, lakini ndugu wengi wako kulekule. Wanavua, wanakata mikoko, wana minazi yao. Grupu letu lina watu mia na kidogo: wa Kibiti, wa Ikwiriri, wa Dar, na waliobaki nyumbani. Mimi ni mmoja wa maadmin watatu.

Sasa sikilizeni jinsi watu wa nyumbani wanavyopata meseji, maana kesi yote iko hapo.

Kitongojini mtandao hakuna. Mpaka utoke hadi kwenye mlango wa mto, pale unapokutana na bahari, ndipo simu inashika. Kwa hiyo wana mtu wao, Athumani, mnunuzi wa kaa, mtu mzima mwenye wajukuu. Anatoka na mtumbwi, anafika mlangoni, anawasha data, anashusha kila kilichotumwa kwenye grupu, anazima, anarudi. Wenyewe wanaita kuvua mtandao. Akirudi watu wanakusanyika barazani kwake, anafungua kimoja kimoja, anawasomea. Mwenye jibu anamwachia, litaondoka naye safari nyingine.

Maana yake nini? Ukituma kitu, tiki mbili unaziona Athumani akiwa mlangoni. Lakini kitu chenyewe kinafunguliwa nyumbani. Kikigoma kufunguka, hana pa kukwambia mpaka atoke tena.

Hili nilikuwa nalijua. Tangu grupu linaanza nalijua. Naomba mkumbuke hivyo tunapoendelea.

Jambo la pili. Ukituma picha ya kawaida kwenye grupu, app inaibana mpaka maandishi madogo yanakuwa ukungu mtupu. Karatasi yenye majina huwezi kuituma hivyo. Sisi tunatuma kama dokumenti, faili zima kama lilivyo. Linasomeka, ila ni zito, ukurasa mmoja MB nne hadi tano. Athumani alikuwa akilalamika kila mara. Mtumbwi unayumba, faili linahesabu asilimia, bando linamkatikia njiani.

Ndipo akaja Injinia.

Injinia ni mtoto wa baba yangu mkubwa, tumekua nyumba moja. Yuko Dar, amesomea mambo ya IT, jina la Injinia tumempa sisi. Akaleta hoja kwenye grupu: tuachane na JPG, tuhamie AVIF.

Alieleza vizuri, lazima nikiri. Kwamba hizi format mpya zinaweka picha ileile kwenye nafasi ndogo zaidi, kwa sababu namna zinavyoipanga picha ni ya kisasa. Akachukua picha yangu moja ya barua, MB nne, akanirudishia ikiwa KB mia mbili na kitu. Nikaikuza kwenye kompyuta. Muhuri unasomeka. Sahihi inasomeka. Nilipiga kigelegele peke yangu humu dukani, jirani wa duka la mbolea akaja kuuliza nani kaolewa.

Grupu likabishana siku mbili. Wa Dar wote walikuwa upande wa Injinia. Wa Kibiti nusu kwa nusu. Aliyeshabikia kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Ikwiriri mwenye simu mpya kabisa. Humu nitamwita Shemeji, kwa sababu ni shemeji wa shangazi yangu, mdogo wa marehemu mume wake. Aliandika tusiwe watu wa kubaki nyuma.

Kutoka nyumbani ikaja voice moja tu, ya Athumani, upepo unavuma nyuma yake.

"Mie nauliza tu jamani, hiyo kwenye kisimu changu hichi itafunguka?"

Injinia akajibu: "Itafunguka, Bwana Athumani, ukishaupdate."

Aupdate nini? Kwa bando lipi? Akiwa amekaa wapi, kwenye mtumbwi? Hakuna aliyeuliza. Mimi niliweka kikatuni cha kucheka. Bado kipo pale, sijakifuta, nakiacha kinisute.

Tukapiga kura, tukapitisha. Dokumenti zote ziwe AVIF.

Wiki mbili baadaye ikatoka orodha.

Wapimaji walikuwa wamepita delta kupima mashamba ili watu wapewe hati za kimila. Orodha ya awali ya wamiliki ikabandikwa huku Kibiti siku ya Ijumaa, kurasa kumi na nne, na chini imeandikwa: mwenye pingamizi afike mwenyewe kabla ya Ijumaa inayofuata, saa tisa na nusu alasiri. Nakala ya kijijini ilikuwa bado haijavuka maji.

Jumatatu asubuhi nikaenda ubaoni, nikapiga picha kurasa zote, nikarudi dukani, nikazibadilisha kuwa AVIF, nikatuma. Kurasa kumi na nne hazikufika hata MB nne kwa pamoja. Nilijiona nimeendelea mno.

Mtaniuliza, wewe una mashine ya kopi, kwa nini usichape karatasi ukampa mtu wa boti? Swali zuri. Jibu ni kwamba niliona teknolojia imeshamaliza kazi.

Mtaniuliza tena, ulipopiga picha hukusoma? Sikusoma. Kurasa kumi na nne zimepita mkononi mwangu na sikusoma jina hata moja. Nilikuwa naangalia kama herufi zimetoka vizuri.

Saa saba mchana tiki mbili. Athumani kashusha.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Na kwetu mtu akishaona jambo na hana neno, hasemi kitu, mambo yanaendelea. Kwa hiyo nikaandika kwenye grupu: "Naona nyumbani hawana pingamizi, alhamdulillah." Shemeji akaweka dole gumba. Injinia akaandika, mnaona faida ya maendeleo?

Kumbe nyumbani Jumatatu ile watu walikaa barazani kwa Athumani mpaka wakachoka. Faili halifunguki. Wakadhani simu imejaa, wakafuta video za harusi ya mjukuu wake. Halifunguki. Wakazima na kuwasha. Halifunguki. Wakasema basi, kesho arudi mlangoni akaulize.

Kesho yake maji mafu. Kwa wasiojua, hizo ni siku ambazo bahari haijai vya kutosha, na mkono wa mto unaopita pale kitongojini unabaki tope. Mtumbwi umekaa kwenye matope, hauendi mbele wala nyuma. Hali hiyo siku tatu, nne.

Wakati huo mimi huku namshukuru Mungu kwa ukimya wao.

Alhamisi Athumani akaona haiwezekani. Akafunga simu kwenye mfuko wa nailoni, akatembea kwenye tope kufuata ukingo wa mikoko mpaka mlangoni. Saa nne asubuhi ikaingia voice.

"Dada Zuhura, zile karatasi zako hazifunguki tangu Jumatatu. Watu wananiuliza, mie sina jibu. N'mesimama kwenye maji hapa, fanya upesi."



Sasa oneni ujuzi wangu. Nikamwandikia: badilisha tu jina la mwisho la faili, futa avif uandike jpg. Mimi mwenye steshenari! Yule mzee akahangaika na vidole vyenye tope, akabadilisha, ikagoma vilevile. Bila shaka itagoma. Ukibadilisha kibandiko cha chupa, kilichomo ndani ni kilekile. Wakuu, kama na nyie huwa mnafanya hivi, acheni leo.

Nikampigia Injinia. Akaniambia simu ya Athumani itakuwa ya toleo la zamani, haina uwezo wa kusoma AVIF, na kwa kweli angetakiwa abadilishe simu. Nikamkatia. Sitaandika nilichosema baada ya kukata.

Nikatulia. Nikajiuliza, Athumani anahitaji nini? Hahitaji kurasa kumi na nne, anahitaji ule mmoja wa kitongoji chetu. Hahitaji rangi ya ubao wala kivuli cha kichwa changu. Nikakata ukurasa mmoja, nikautoa rangi ukabaki mweusi na mweupe, nikaupunguza ukubwa, nikahifadhi JPG ya kawaida, ile ya kishamba. KB mia na ishirini. Nyepesi kuliko AVIF yetu ya kisasa. Dakika tatu, basi.

Nikatuma. Ikafunguka.

Athumani akaanza kusoma kwa voice pale pale majini, maana alijua watamuuliza na hakuamini kichwa chake. Namba moja fulani. Namba mbili fulani. Namsikia anavyosoma taratibu, maji yanapiga. Alipofika ishirini na tatu akasema: "Shamba la minazi, kando ya kisima." Kisha akataja jina la Shemeji.

Nikairudia ile voice mara tatu.

Shamba la minazi kando ya kisima ni la shangazi yangu, Bi Kidawa, dada wa baba. Si la marehemu mume wake, wala si la ukoo wa mume. Alipewa na babu yetu mwenyewe akiwa hai, watu wakiona. Shangazi hakujaaliwa mtoto. Minazi ile ndiyo nazi zake, makuti yake, heshima yake. Hati ikitoka kwa jina la Shemeji, shangazi atakuwa mgeni kwenye shamba alilozaliwa kando yake.

Ilikuwaje? Wapimaji walipopita, shangazi alikuwa amelazwa hospitali ya Mchukwi. Shemeji akajitolea kusimama mpakani badala yake. Ndivyo tulivyoambiwa, na tulimshukuru.

Nikampigia Shemeji Ikwiriri. Nikamuuliza, uliiona orodha?

"N'liiona Jumatatu. Picha safi kabisa."

"Na jina lako uliliona?"

"N'liliona. N'kajua na nyie mmeona. Mbona hamkusema neno? N'kasema basi wameridhia."

Wakuu, someni tena hapo. Aliweka dole gumba akiwa ameshaona. Siwezi kusema alikusudia, sina kipimo cha moyo wa mtu. Nasema tu kwamba aliona.

Athumani akarudi kwa tope lile lile kumwambia shangazi.

Ijumaa baada ya swala ya alfajiri wakatoka wawili, yeye na shangazi. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, ametoka hospitali mwaka huu huu, kanga kaikaza kiunoni, tope magotini, ameshika bega la Athumani. Wakalifikia boti la fiba lililokuwa limetia nanga penye kina. Bandarini Nyamisati wakashuka, pikipiki mpaka barabara ya lami, kisha gari mpaka Kibiti. Mimi nimesimama nje ya ofisi tangu saa tano, simu mkononi, kila gari nalikodolea macho.

Saa nane na robo watu wametoka msikitini, nikamwona anavuka barabara. Tope limemkaukia miguuni mpaka limepasuka. Nikataka nimpeleke kwanza akanawe.

"Nikanawe ndo' waone n'metoka wapi?" akasema. "Twende hivi hivi."

Dada wa ofisini alikuwa mtu mwema, alimpa kiti. Ila akauliza, kwa nini mmengoja mpaka siku ya mwisho, wakati tangazo lilikuwa wiki nzima? Nikaanza kumweleza habari za AVIF, toleo la simu, maji mafu. Namwona macho yanapotea. Shangazi akanigusa mkono.

"Mwanangu, mwandikie tu, hatukuona."

Ikaandikwa hivyo. Shangazi akasaini jina lake lote, herufi moja moja, hakutaka wino wa dole gumba. Saa tisa kasorobo tukatoka.

Tukakaa dukani, nikampa chai na chapati. Mimi bado nachemka, namlaumu Injinia, nalaumu format, najilaumu mwenyewe. Shangazi ananisikiliza tu. Kisha akaniuliza.

"Hiyo picha yenu, kwa shemeji yangu ilifunguka?"

"Ilifunguka, shangazi. Tangu Jumatatu."

Akatafuna, akameza.

"Basi mbaya si picha."

Nililia pale pale, mbele ya mteja wa kopi.

Anasema kweli, lakini mimi nakubali nusu tu, na hii nusu nyingine ndiyo iliyonileta humu. Shemeji asingeweza kukaa kimya wiki nzima kama na Athumani angekuwa anaona alichokiona yeye. Tulichagua format inayofunguka kwa watu wa Ikwiriri na Dar na kugoma kwa wenye shamba, halafu ukimya wao tukauita ridhaa. Hiyo tuliifanya sisi, tena kwa kura.

Jumamosi nikaandika kwenye grupu, bila kuomba ushauri: kuanzia leo dokumenti yoyote ya grupu hili ni JPG, nyeusi na nyeupe, ukurasa unaohusika tu. Kabla haijatumwa inajaribiwa kwenye simu ya zamani niliyoiweka dukani kwa kazi hiyo. Na hakuna admin kusema nyumbani wamekubali mpaka Athumani aseme kwa mdomo wake.

Ikawa vita. Mmoja wa Dar akaniambia narudisha jamii nyuma. Mwingine akapendekeza nivuliwe uadmin. Shemeji alitoka kwenye grupu bila neno. Injinia alileta maelezo marefu, kwamba WebP ingekuwa salama zaidi, hata simu za miaka mingi zinaisoma, na kwamba kosa lilikuwa kuruka hatua. Huenda yuko sahihi. Nikamwambia WebP yake ailete dukani tuijaribu kwenye ile simu ya zamani, ikifunguka tutaongea. Mpaka leo hajaja, lakini amenitumia vocha ya bando la Athumani, na kwenye meseji ameandika tu, niombee msamaha kwa shangazi.

Uadmin ninao. Atakayeutaka aje auchukue.

Pingamizi lilisikilizwa. Majirani wanaopakana na shamba walikwenda kusema wanachokijua. Orodha ya pili imebandikwa juzi. Safari hii nilisimama ubaoni nikasoma kila jina kwa kidole kabla ya kutoa simu mfukoni, watu nyuma yangu wakinung'unika. Ishirini na tatu, shamba la minazi kando ya kisima, Bi Kidawa na jina la baba yake.

Nikapiga picha, nikakata, nikatoa rangi, nikajaribu, nikatuma.

Tiki mbili zilikuja mchana. Sikusema alhamdulillah. Nilingoja siku ile, nikangoja ya pili. Leo asubuhi imeingia voice ya Athumani, na nyuma yake sauti za wanawake barazani, maana alikuwa ameirekodi nyumbani kabla ya kutoka. Anasema imefunguka, wamesoma wote, na kwamba shangazi ameomba aisome namba ishirini na tatu mara mbili.

Somo langu, mlichukue au mliache: kabla hujabishana ni format ipi bora, mtafute mtu mwenye simu mbovu kuliko wote kwenye grupu lako, umuulize yeye. Usimwambie aupdate. Muulize, ungoje jibu, hata kama litachukua siku tatu.

Haya, wataalamu wa AVIF njooni, uwanja ni wenu na mimi sina haraka, wateja bado hawajaja. Ila kila anayetaka kunibishia aanze kwa kunitajia jina la huyo mtu wa kwenye grupu lake.